Simu Ikisema Waifai ya Nyumbani Si Salama

Saa tatu usiku mama mdogo alinipigia, sauti kaishusha kama mtu anayezungumza karibu na mgonjwa. "Mwanangu, tumeingiliwa." Nikauliza wezi wamechukua nini. "Siyo wezi hao. Wezi wa waifai."

Simu yake ni iPhone aliyoletewa na bintiye. Chini ya jina la waifai ya nyumbani yalikuwa yametokea maneno mawili ya Kiingereza, na mjukuu aliyemfasiria alimwambia maana yake ni "usalama dhaifu". Asubuhi yake alimwendea fundi simu wa mtaani. Fundi alitazama kioo, akatikisa kichwa, akasema ruta imeingia virusi na kuisafisha ni shilingi elfu arobaini. Mama mdogo ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama thelathini. Kwa siku tatu simu ilikaa kwenye droo, michango ikasimama, na wenzake wakaanza kuulizana kulikoni.

Nilipofika niliikuta ruta chini ya televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, taa zote zinawaka kama kawaida. Virusi havikuwemo, na mwizi hakuwepo. Ruta ilikuwa imewekwa kwenye mfumo wa zamani wa kulinda mawasiliano, na simu mpya ililitambua hilo ikalisema. Kazi ya kubadilisha ilichukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, na yale maneno mawili yakaondoka.

Wahenga walisema panapofuka moshi pana moto. Hawakusema ni moto wa nani. Huenda jirani anakaanga samaki. Maonyo mengi ambayo simu hutoa kuhusu waifai ya nyumbani ni moshi wa namna hiyo: upo kweli, una chanzo chake, lakini chanzo chenyewe si nyumba kuungua. Simu ya mama mdogo ilisema kufuli la mlango ni la zamani. Fundi alisikia mwizi yuko chumbani, au alijua hayupo akaona elfu arobaini.

Hasara ya kutoelewa onyo ina sura mbili. Kuna anayelikimbia: anazima simu, anafuta kila kitu, anampa fundi asiyemjua simu na namba zake za siri. Na kuna anayelizoea: amebonyeza "endelea" mara nyingi sana bila kudhurika, hata siku onyo linapokuwa la kweli, kidole kinabonyeza chenyewe. Huyu wa pili ndiye aliye hatarini zaidi. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Maswali matatu kabla ya kugusa chochote

Swali la kwanza: onyo limeandikwa wapi? Onyo la simu yenyewe hutokea ndani ya mipangilio, pale penye orodha ya waifai, au kwenye pazia la arifa unaloshusha kutoka juu. Onyo la programu ya kinga hutokea likiwa na nembo ya programu ile uliyoiweka wewe. Onyo linalotokea katikati ya ukurasa wa intaneti uliokuwa ukisoma, likiwa na saa inayohesabu kurudi nyuma na kitufe kikubwa cha kupakua kitu, si onyo. Ni tangazo lililovaa sare za polisi.

Swali la pili: ni simu moja au ni zote? Chukua simu ya mwingine nyumbani, iunganishe na waifai ileile, kisha fungua ukurasa uleule. Ikiwa yako peke yake ndiyo inayolalamika, anza kuitazama simu yako. Ikiwa zote zinalalamika, itazame ruta au kampuni inayokuuzia intaneti.

Swali la tatu: ukizima waifai ukatumia bando la simu, onyo lipo bado? Likibaki, waifai haina kosa. Likiondoka, tatizo liko nyumbani.

Maswali haya hayahitaji fundi, na kwa dakika tano yatakuonyesha mlango wa kugonga.

"Usalama dhaifu"

Hili ndilo lililomkuta mama mdogo. Waifai hulindwa kwa kuyavuruga mawasiliano ili aliye nje asiyasome, na njia ya kuyavuruga imebadilika mara kadhaa. Ya kwanza, WEP, ilikuja na waifai yenyewe mwaka 1997. Kufikia 2001 wataalamu walikwisha kuonyesha jinsi inavyovunjwa. Mwaka 2003 ikaja WPA, iliyotumia utaratibu uitwao TKIP. Ilikuwa kiraka tu, cha kuwasaidia watu waliokwisha kununua vifaa wasilazimike kuvitupa. Mwaka uliofuata ikatoka WPA2 yenye utaratibu imara zaidi, AES, na mwaka 2018 ikafuata WPA3.

Karibu hakika ruta yako inaiweza WPA2, kwa sababu tangu 2006 hakuna kifaa kipya kinachopewa nembo rasmi ya Wi-Fi bila kuwa nayo. Shida ni kwamba ruta nyingi huja zimewekwa kwenye mpangilio wa mchanganyiko, unaokubali mfumo mpya na wa zamani kwa pamoja, ili hata kompyuta ya miaka ishirini iliyopita iweze kuunganishwa. Simu mpya ikiona mlango wa zamani umeachwa wazi, inasema. Kwa hiyo onyo halidanganyi. Linalodanganya ni tafsiri ya kwamba mtu amekwisha kuingia.

Kurekebisha ni hivi. Pindua ruta usome karatasi iliyobandikwa chini yake. Utakuta namba ya kuingilia, mara nyingi 192.168.0.1, 192.168.1.1, 192.168.8.1 au 192.168.100.1, pamoja na jina la mtumiaji na neno la siri la msimamizi. Ukiwa umeunganishwa na waifai hiyo, andika namba ile juu ya kivinjari, mahali unapoandika anwani za tovuti. Ingia, tafuta sehemu ya waifai, kisha sehemu ya usalama. Pakiwa pameandikwa mchanganyiko wa WPA na WPA2, au TKIP, chagua WPA2 yenye AES peke yake. Kama kuna chaguo la WPA2 na WPA3 kwa pamoja, chukua hilo. Hifadhi. Kisha kwenye simu gusa jina la waifai, iambie simu iusahau mtandao huo, ujiunge upya kwa neno la siri lilelile.

Baada ya hapo huenda printa kuukuu au televisheni ya zamani ikakataa kuunganishwa. Hiyo ndiyo gharama, na ni ndogo. Lakini kama pale kwenye usalama palikuwa pameandikwa WEP, au hapana ulinzi wowote, usiahirishe hadi kesho.

"Huenda mtandao unafuatiliwa"

Simu za Android huandika maneno haya kwenye pazia la arifa, na hakuna onyo linalowatia watu hofu kama hili. Mume humtazama mke, mke humtazama mume, na wote humtazama mpangaji wa chumba cha nyuma.

Onyo hili, ingawa linataja mtandao, chanzo chake kimo ndani ya simu. Kila simu huja na orodha ya mamlaka inazoziamini kuthibitisha kwamba tovuti ya benki ni ya benki kweli. Mtu akiongeza mamlaka nyingine kwenye orodha hiyo, kwa kuweka faili linaloitwa cheti, simu inakutahadharisha kwamba mwenye cheti hicho anaweza kujiweka katikati ya mazungumzo yako na tovuti akayasoma.

Nani huweka cheti hicho? Mara nyingi ni ofisi au chuo, siku ulipounganishwa na waifai yao ukaambiwa upakue faili fulani. Mara nyingine ni programu ya kuzuia matangazo. Ndiyo maana ukizima waifai ya nyumbani ukawasha bando, arifa inabaki palepale: swali la tatu limekwisha kukupa jibu.

Ingia kwenye mipangilio, fungua usalama, tafuta sehemu ya vitambulisho au vyeti vya kuaminika, kisha orodha ya vile vilivyowekwa na mtumiaji. Majina ya sehemu hizi hutofautiana kidogo kati ya simu na simu. Ukikiona cheti cha ofisi yako na simu ni ya ofisi, kiache uwaulize wahusika. Ukiona cheti chenye jina usilolijua kwenye simu yako mwenyewe, kiondoe. Na hapa usilichukulie kirahisi: cheti hakijiweki chenyewe. Kama hukumbuki kukiweka, kumbuka ni nani aliyeshika simu yako, kwa fundi au nyumbani, kisha ubadilishe maneno yako ya siri.

"Muunganisho wako si wa faragha"

Unafungua tovuti na kivinjari kinakataa: ukurasa mwekundu au wa kijivu, maneno ya kutisha, na kwa chini kabisa njia ndogo ya kuendelea kwa hiari yako. Onyo hili linahusu kitambulisho cha tovuti, ambacho nacho huitwa cheti. Kina tarehe ya kuanza kutumika na tarehe ya kuisha, kama leseni ya udereva. Simu imekikagua na haikuridhika. Majumbani kwetu sababu mara nyingi huwa moja kati ya hizi tatu.

Ya kwanza ni saa ya simu. Simu iliyoishiwa chaji kabisa kwa siku nyingi inaweza kuamka na tarehe ya miaka ya nyuma. Na wapo watoto wanaosogeza tarehe mbele ili mchezo uwape maisha mapya bila kusubiri, kisha wanasahau kuirudisha. Vyeti vingi vya tovuti huishi miezi michache tu, kwa hiyo simu inayodhani tuko mwaka mwingine huviona vyote vimekwisha au havijaanza. Rudisha tarehe na saa kwenye mpangilio wa kujirekebisha zenyewe, kisha jaribu tena.

Ya pili ni kifurushi kuisha. Ukimaliza bando la nyumbani, kampuni nyingi hazikati intaneti kimya kimya. Kila ombi linalotoka nyumbani kwako huelekezwa kwenye ukurasa wao wa kununua kifurushi. Wewe umeita benki, aliyejibu ni muuza bando. Simu imeomba kitambulisho cha benki, ikapewa cha mtu mwingine, ikapiga kelele. Imefanya kazi yake sawasawa. Dalili yake ni kwamba simu zote nyumbani zinalalamika kwa pamoja, kila tovuti inakataa, na chini ya jina la waifai pameandikwa kuwa hakuna intaneti au kwamba uingie kwenye mtandao kwanza. Nunua kifurushi, zima waifai ya simu na kuiwasha, utaona utulivu umerudi.

Ya tatu ni simu kuzeeka. Tovuti nyingi duniani huchukua vyeti vyake bure kutoka shirika la Let's Encrypt la Marekani. Simu za Android zilizo chini ya toleo la 7.1.1 haziijui mamlaka ya shirika hilo. Kwa miaka kadhaa zilivushwa kwa njia ya mzunguko, na njia hiyo ilifungwa tarehe 30 Septemba 2024. Tangu hapo mtu mwenye simu ya namna hiyo anaweza kukuta tovuti aliyoizoea inamkatalia kila anapokwenda, kwa waifai na kwa bando vilevile, huku simu mpya ya mwanawe ikiifungua bila neno. Kivinjari cha Firefox huja na orodha yake chenyewe ya mamlaka, kwa hiyo kinaweza kumsaidia ikiwa simu yake bado inakipokea. Tiba kamili ni toleo jipya la Android au simu nyingine.

Kuna sharti moja hapa lisilo na msamaha. Hata ukiwa na hakika kwamba sababu ni saa au kifurushi, usibonyeze "endelea" kwenye ukurasa wa benki, wa barua pepe, au wowote unaokutaka neno la siri. Ondoa sababu kwanza, onyo litaondoka lenyewe. Lisipoondoka, jua hukuwa umeijua sababu.

Maonyo madogo yanayosumbua wengi

Wenye iPhone huweza kukuta maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba mtandao unazuia mawasiliano ya DNS yaliyofichwa. DNS ni kama daftari la majina na namba: unaandika jina la tovuti, lenyewe linakupa namba ya mahali ilipo. Simu hizi, tangu toleo la 14 la mfumo wake (iOS) la mwaka 2020, hutaka swali hilo liulizwe kwa siri. Ruta ikikataa, au kampuni ikikataa, simu inakwambia kwamba anayeendesha mtandao anaweza kujua majina ya tovuti unazofungua. Hilo haliwafungulii neno lako la siri la benki. Zima ruta nusu dakika, iwashe, zima na simu pia. Mara nyingi huishia hapo.

Baadhi ya simu na programu za kinga hutangaza kwamba mtandao wako "unatia shaka". Programu hizi hukumbuka alama za ruta uliyoizoea. Umebadilisha ruta ukaiacha na jina lilelile la zamani? Umenunua kifaa cha kuvuta waifai ifike chumba cha uani, nacho kikatumia jina lilelile? Kwa programu, sasa kuna mtu amejiita kwa jina la ruta yako. Ni tuhuma ya haki iliyomwangukia asiye na hatia. Jiulize ni kitu gani kimebadilika nyumbani wiki hii. Kama kipo, umepata jibu. Kama hakipo, na jina la waifai yako linaonekana mara mbili hewani, moja likiwa na kufuli na jingine bila, basi usijiunge na lile lisilo na kufuli.

Halafu kuna lile la "kifaa kipya kimeunganishwa", linalotoka kwenye programu ya ruta. Mwenye nyumba anahesabu simu za watu wake, anapata tano, ruta inasema saba. Anabadilisha neno la siri, na siku mbili baadaye wageni wamerudi. Mara nyingi mgeni ni simu yake mwenyewe. Zamani kila simu ilijulisha waifai namba yake moja ya kuzaliwa. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iPhone zenye iOS 14, simu huvaa namba ya kubuni kwa kila mtandao, ili wenye maduka na hoteli wasimfuatilie mtu anakopita. Ukiisahaulisha simu mtandao ukaunganisha upya, inaweza kuja na namba nyingine, na ruta ikaihesabu kuwa simu nyingine.

Unaweza kuitambua kwa macho. Namba hizo zina alama 12, zimepangwa mbilimbili. Tazama alama ya pili kutoka kushoto. Ikiwa ni 2, 6, A au E, kama katika DA:4C au 5E:10, hiyo ni namba ya kubuni, na kwa kawaida inatoka kwenye simu au kompyuta. Sasa fungua maelezo ya waifai ndani ya simu ya kila mmoja nyumbani, soma namba hiyo (huandikwa kama anwani), linganisha na orodha ya ruta. Zikifanana, mgeni ni mwenyeji. Ikibaki moja isiyo na mwenyewe, hapo ndipo ubadilishe neno la siri. Usishangae ukigundua ni mtoto wa jirani aliyepewa neno hilo na mwanao wakati wa likizo.

Tangazo lililovaa sare

Onyo la uongo hasa, lile lililotungwa ili likuumize, hujitambulisha kwa haraka yake. Linasema simu ina virusi kadhaa, tena linataja idadi. Linasema waifai yako imedukuliwa na una dakika mbili. Linatikisa simu. Linatumia nembo ya kampuni kubwa. Kisha linakutaka upakue programu, upige namba fulani, au uandike taarifa za kadi.

Ukurasa wa intaneti hauna uwezo wa kukagua ruta yako wala kuhesabu virusi ndani ya simu. Funga ukurasa huo bila kugusa kitufe chochote kilichomo ndani yake, hata kile cha "hapana". Ukigoma kufungika, kifunge kivinjari chenyewe. Kisha kwenye mipangilio ya kivinjari tazama ni tovuti zipi ulizoziruhusu kukutumia arifa, uzinyang'anye ruhusa usizozijua. Wengi huiruhusu tovuti ya matangazo siku wanapotafuta filamu ya bure, na miezi yote inayofuata wanadhani simu imelogwa.

Binamu wa tangazo hili ni mtu anayepiga simu akijitambulisha kuwa ni wa kampuni ya intaneti, kwamba ruta yako imeingiliwa na anahitaji namba iliyokujia kwa ujumbe ili aifunge. Kampuni haihitaji namba hiyo, wala namba ya siri ya pesa zako za simu. Kata. Kama ni ujumbe, Tanzania unautuma kwenda 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano, ukitaja namba iliyokuletea. Kenya, wateja wa Safaricom hutuma kwenda 333.

Wakati moto ni wa kweli

Zipo siku ambazo nyumba inaungua kweli. Shtuka ikiwa vifaa vyote vinatoa onyo la cheti wakati kifurushi kipo na saa ni sahihi. Shtuka neno la siri la msimamizi wa ruta likikataa ilhali hukulibadilisha. Shtuka ukiingia kwenye ruta ukakuta namba za DNS zimeandikwa kwa mkono na hakuna nyumbani aliyeziandika, kwa sababu mwenye kushika daftari la majina anaweza kukupeleka kwenye benki ya bandia. Katika hali hizo tia kitu chenye ncha kwenye tundu dogo nyuma ya ruta, ushikilie kwa sekunde kama kumi hadi irudi ilivyotoka kiwandani, kisha uipange upya. Kabla ya kufanya hivyo, iulize kampuni yako kama kuna taarifa zao zitakazohitaji kurudishwa.

Lakini moto mbaya zaidi hauna moshi. Mei 2018 watafiti wa usalama wa Cisco walitangaza kuwa programu haribifu iitwayo VPNFilter imeingia kwenye ruta na vifaa vya aina hiyo visivyopungua 500,000 katika nchi 54, na FBI ya Marekani ikawaomba watu wazime ruta zao na kuziwasha upya. Ruta hizo zilikuwa zikifanya kazi na watu wakitazama video kama kawaida. Kwa hiyo, kukaa kimya kwa simu si hati ya usalama, kama vile kelele yake si hukumu.

Ulinzi wa nyumba umo katika mambo machache ambayo simu haitakukumbusha. Badilisha neno la siri la msimamizi wa ruta, maana lile la kiwandani, mara nyingi "admin" kwa "admin", linajulikana na kila mtu. Tofautisha neno hilo na lile la kuunganishia waifai. Kwenye ukurasa wa ruta tafuta sehemu ya kusasisha programu yake, uisasishe. Washa mtandao wa wageni kwa ajili ya wapangaji na marafiki wa watoto, ili neno la siri la familia lisizunguke mtaa mzima. Na usiiache waifai wazi, bila neno la siri, hata kwa usiku mmoja wa shughuli.

Mama mdogo sasa ana karatasi aliyoigongomea ukutani kando ya ruta. Ameandika maswali yale matatu kwa mwandiko wake: limeandikwa wapi, ni simu moja au zote, kwa bando lipo? Chini yake ameongeza la nne ambalo mimi sikumfundisha: anayetaka kunisaidia anataka shilingi ngapi? Nakushauri, msomaji, uinakili karatasi hiyo leo, kabla simu yako haijapiga kelele.